Uwanja Mwema si Nyasi

Si ajabu siku hizi kumkuta mtumishi wa umma aliyerejea Mara kutoka semina ya Dar es Salaam au Arusha akivilinganisha viwanja vya gofu, kama vile mfugaji wa Tarime anavyolinganisha ng'ombe mnadani. Huyu husifu mashimo 18 ya Klabu ya Gymkhana ya Dar es Salaam, yaliyo katikati ya jiji karibu na bahari. Yule hudai kwamba hakuna kivuli kama cha viwanja vya Arusha na Moshi, ingawa kila kimoja kina mashimo 9 tu, na mchezaji hana budi kukizunguka mara mbili ili atimize 18. Wa tatu huwacheka wote wawili, akisema kwamba asiyekanyaga Kili Golf, karibu na Usa River, bado hajaiona gofu. Kisha mazungumzo huishia mahali pale pale: nyasi za wapi zimekatwa vizuri zaidi, na ada ya wapi inastahili fedha zake.

Porojo hizo zingeweza kuachwa zipite kama upepo, kama jambo lenyewe lisingekuwa limebisha hodi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, liliingia katika kazi ya kujenga uwanja wa gofu wa mashimo 18 katika eneo la Fort Ikoma, wilayani Serengeti, ili mtalii aliyekuja kuwatazama nyumbu apate sababu ya kukaa siku nyingine. Fort Ikoma si Ulaya. Ni Mkoa wa Mara, upande wa pili wa mto uleule ambao watu wa Nyamongo huuvuka waendapo Mugumu.

Kwa hiyo swali la uwanja gani ni bora, na kwa kipimo gani, si la matajiri wa mijini peke yao tena. Ni swali la mwalimu wa Kewanja, bwana shamba wa Mugumu na karani wa halmashauri ya Tarime. Wakilijibu kwa kipimo cha nyasi na ada, watakuwa wamepotea njia kabla ya safari kuanza. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Vivyo hivyo, uwanja mwema si nyasi.

NYASI NI ZA NANI?

Wengi wa wanaosifu nyasi za viwanja hivyo hudhani kwamba wanasifu ufundi wa kigeni. Kumbe wanasifu mali ya Afrika. Nyasi ambazo dunia nzima huziita kwa jina la Wakikuyu zilitoka katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, na leo zimetanda katika viwanja vya Afrika Kusini na California. Ukoka, ambao mkulima wa Nyamongo huung'oa kwa jembe huku akiulaani, ndiyo jamii ya nyasi inayotegemewa na viwanja vya gofu katika nchi za joto kote ulimwenguni. Hapana mzungu aliyeleta ukoka Mara. Aliukuta ukilishwa ng'ombe.

Kinachoufanya ukoka uwe zulia ni maji, mbolea, mashine ya kukatia, na mikono ya watu wanaoamka alfajiri kabla mchezaji hajafumbua macho. Uwanja wa mashimo 18 huhitaji ardhi ya hekta 50 hivi, na mara nyingi zaidi ya hapo. Katika nchi kame uwanja mmoja waweza kunywa zaidi ya lita milioni moja kwa siku. Wakoloni wenyewe walilitambua jambo hilo. Katika sehemu kavu za Afrika Mashariki hawakujisumbua kupanda nyasi pale penye bendera. Walimwaga mchanga uliochanganywa na mafuta, wakausawazisha, wakacheza, na wala hawakuona kwamba wamepungukiwa na heshima.

Basi mtu anapouliza, "Uwanja upi unatunzwa vizuri zaidi?" anapaswa kwanza kuuliza maji yake yanatoka wapi na ni nani mwingine ayategemeaye. Uwanja wa Mufindi umekaa katikati ya mashamba ya chai, katika baridi na mvua. Kijani chake hakina ajabu. Uwanja wa Morogoro umekaa chini ya milima ya Uluguru. Lakini magharibi ya Serengeti ni nchi ya kiangazi kirefu, ambamo mwanamke na ndoo, ng'ombe, na nyumbu wa hifadhi wote hutazamia mito ileile. Nyasi zitakazokuwa kijani huko mwezi wa Agosti zitakuwa na maelezo ya kutoa.

ALIPAYE MAJI HUSHIKA UFUNGUO

Ukivitazama viwanja vya Tanzania kwa makini, utaona kwamba havitofautiani kwa nyasi bali kwa wenyewe. Viko vya aina tatu.

Aina ya kwanza ni viwanja vya wanachama. Klabu ya Gymkhana ya Dar es Salaam, ambayo huhesabu umri wake tangu 1916, na zile za Arusha, Moshi na Morogoro, ni za namna hiyo. Katika siku za ukoloni zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia humo akiwa mpishi, mtumishi wa bustani au mbeba mifuko ya fimbo. Leo milango yake haichagui rangi, bali huchagua mfuko. Mwanachama hulipa kiingilio na ada, na ada hiyo ndiyo inayonunua mafuta ya mashine na kulipa mishahara. Mwalimu anayetaka kujua thamani ya uanachama wa namna hiyo asiulize wengine wanalipa nini. Achukue ada ya mwaka, aigawanye kwa mshahara wake wa mwezi, kisha ajiulize atacheza mara ngapi kwa mwaka. Jibu atakalolipata litampa usingizi mzuri kuliko sifa za rafiki zake.

Aina ya pili ni viwanja vya makampuni. Kili Golf, iliyochorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, ni sehemu ya mradi wa nyumba za kuuza; uwanja huipandisha bei nyumba, nayo nyumba huulipia uwanja. Uwanja wa mashimo 9 wa Sea Cliff, Unguja, ni wa hoteli na kazi yake ni kumpendeza mgeni wa hoteli. Hapana ubaya katika hayo. Kampuni imetumia fedha zake, na ina haki ya kuzitafutia faida kwa njia ya halali.

Aina ya tatu ni viwanja vya umma. Mfano ulio wazi kuliko yote ni uwanja wa mashimo 18 wa Lugalo, Dar es Salaam, ulio mali ya Jeshi la Wananchi. Mwasisi wake ni Jenerali George Waitara, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia 2001 hadi 2007, mwana wa Mara, ambaye jina lake limepewa kombe linaloshindaniwa katika uwanja huo. Msomaji wa Tarime hahitaji kufasiriwa jina la Waitara. Lugalo ni uwanja wa jeshi, lakini raia nao hucheza humo, na vijana hufundishwa humo. Anayetaka kujua kama gofu yaweza kushuka kutoka katika veranda za wakubwa na kufika kwa askari wa kawaida na mtoto wa jirani, na aende Lugalo akajionee.

Sasa, uwanja wa Fort Ikoma ni wa aina gani? Mjenzi wake si klabu, wala si hoteli, wala si mfanyabiashara wa nyumba. Ni shirika la umma, katika ardhi ya umma. Hapo ndipo maneno yote ya thamani ya uanachama yanapogeuka. Katika klabu, mtu hulipa kwanza ndipo aingie. Katika uwanja uliojengwa na umma, mwananchi ni mwanachama aliyekwisha kulipa. Kilichobaki ni kuonyeshwa lango liko wapi.

NYAMONGO INAJUA MAANA YA UKUTA

Wako watakaosema kwamba mambo ya lango la gofu hayaihusu Nyamongo, ambayo ina shida zake za maji, madawati na vumbi. Kinyume chake, hakuna mahali katika Mkoa wa Mara panapolielewa jambo hili kuliko Nyamongo.

Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Kampuni ya Placer Dome iliuchukua mwaka uliofuata, kisha Barrick mwaka 2006. Na mwaka 2019 ikaundwa kampuni ya Twiga, ambayo Serikali ina hisa ya asilimia 16. Katika miaka hiyo yote watu wa Nyamongo wamejifunza ni nini kuishi kando ya ukuta. Wamejifunza kwamba utajiri waweza kuwa umbali wa kutupa jiwe na bado usiguswe. Wamejifunza pia, kwa kilio cha Mto Tigithe mwaka 2009, kwamba maji yaliyopita upande wa mwenye mali hayarudi kuwa yale yale upande wa mwenye ndoo. Na mwezi Mei 2011 walizika vijana waliopigwa risasi na polisi walipoingia mgodini kutafuta mawe.

Watu waliosoma katika shule hiyo hawawezi kudanganywa na kijani cha nyasi. Wanajua kwamba kitu kikijengwa mahali, swali la kwanza si uzuri wake, bali ni nani ataruhusiwa kupita. Tena wanajua kwamba swali hilo huulizwa mapema. Likiulizwa baada ya ukuta kusimama huwa ni ugomvi. Likiulizwa kabla, huwa ni mkataba.

Taifa lina kumbukumbu yake pia. Mwadui, mji wa almasi wa Shinyanga uliojengwa na John Williamson baada ya kugundua almasi mwaka 1940, ulikuwa na uwanja wake wa gofu. Ulikuwa ndani ya seng'enge, kama almasi zenyewe. Wasukuma waliouzunguka mji huo waliujua uwanja kwa habari tu. Hicho ndicho kielelezo kisichofaa kurudiwa, na hasa kisirudiwe na shirika la umma katika nchi iliyo huru.

WENYE MCHEZO WAFANYAVYO

Hapa hutokea mtu mwenye kasumba akatoa hoja yake ya mwisho. Husema kwamba gofu ni mchezo wa utulivu na heshima. Kwamba mtalii aliyelipa dola nyingi hatakubali kuchanganyika na watoto wa shule. Kwamba uwanja ukifunguliwa kwa kila mtu utaharibika.

Mtu huyo hajui mchezo anaoutetea. Gofu ilikulia katika pwani ya Scotland, na uwanja unaoheshimiwa kuliko vyote duniani ni ule wa kale wa St Andrews. Uwanja huo si mali ya klabu yoyote. Ni ardhi ya mji, na tangu 1974 unaangaliwa na wadhamini kwa niaba ya umma. Wakazi wa mji hulipa ada iliyo ndogo mno ikilinganishwa na ile ya mgeni. Na siku ya Jumapili, kwa kawaida, hapachezwi gofu hata kidogo. Wazee kwa watoto hutembea juu ya nyasi zile zile ambazo mabilionea huzilipia wiki nzima, tena wengine wakiwa na mbwa wao. Nyasi hazijafa. Wageni hawajakimbia. Wanazidi kupanga foleni.

Huko Marekani, katika mji wa Anaconda, jimbo la Montana, ardhi iliyoharibiwa na kiwanda cha kuyeyushia shaba iligeuzwa uwanja wa gofu uliochorwa na Jack Nicklaus na kufunguliwa mwaka 1997. Mashimo yake ya mchanga yalijazwa mabaki meusi ya kiwanda, ili historia isisahaulike. Uwanja huo nao uko wazi kwa umma. Hilo lisifanywe kisingizio cha kuota gofu juu ya vifusi vya Nyabirama siku dhahabu itakapokwisha. Ardhi ya Nyamongo ina wakulima na wafugaji wanaoisubiri. Lakini somo lipo: hata mahali ambapo mgodi umeiharibu nchi, fidia isiyofungua lango si fidia.

Hapana haja ya kusafiri mbali hivyo. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza wakiwa watoto wa kubeba mifuko, wakijifunza kwa macho na kuokota mipira iliyopotea. Madina Iddi wa Arusha ameibeba bendera ya Tanzania katika mashindano ya wanawake nje ya nchi na kurudi na mataji. Vipaji vya namna hiyo havikuzaliwa na nyasi laini. Vilizaliwa siku mtu alipowaacha watoto waingie.

MADAI MANNE

Yapo basi mambo manne ambayo walimu na watumishi wa Mara wanapaswa kuyadai kuhusu uwanja wa Fort Ikoma. Kama kanuni zake zimekwisha andikwa, zisomwe hadharani. Kama hazijaandikwa, hayo manne yawe ndani yake.

La kwanza, iwepo siku moja katika kila wiki ambayo uwanja ni wa shule. Wanafunzi wa Serengeti, Tarime na wilaya nyingine za Mara waingie pamoja na walimu wao, wafundishwe kushika fimbo, kuhesabu mikwaju yao wenyewe bila mwamuzi, na kurudishia udongo walioutibua. Mchezo ambao mchezaji hujiandikia mwenyewe makosa yake ni darasa la uaminifu ambalo shule nyingi zingelitamani.

La pili, ada ya mkazi wa Mara isiwe ada ya mtalii. Hifadhi za Taifa zenyewe humtoza Mtanzania kiingilio kilicho chini sana ya kile cha mgeni, na hakuna aliyewahi kusema kwamba simba wamepungua thamani kwa sababu hiyo.

La tatu, wabeba mifuko, wakata nyasi na waangalizi watoke katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, na kila mmoja wao awe na haki ya kucheza. Vijiji hivyo vimebeba mzigo wa uhifadhi kwa miaka mingi. Ng'ombe wao wakivuka mpaka hukamatwa. Tembo wakivuka kuja kula mahindi hukamatwa na nani? Si haki kwamba mtu huyo aliyepoteza mahindi aajiriwe kumbebea mwenzake fimbo, na jioni aambiwe asiguse mpira.

La nne, maji ya uwanja yapimwe, na hesabu yake itangazwe kila mwezi mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kuisoma. Mwaka wa ukame nyasi zinyauke kabla ya mtu kukosa ndoo. Na wakishindwa, wakumbuke mchanga na mafuta ya wakoloni.

Yumkini mtu atauliza: je, madai hayo yataleta dawati moja Nyamongo? La, hayataleta. Lakini kumfungia mtoto wa Nyamongo lango la uwanja wa umma nako hakuleti dawati. Mahitaji ya maji na madarasa yana mahali pake pa kudaiwa, na sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2017 inamlazimisha mwenye mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na serikali za mitaa. Mtumishi anayejua kuusoma mpango huo mstari kwa mstari hawezi kushindwa kuzisoma kanuni za uwanja wa gofu. Macho ni yale yale.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hiyo ndiyo hoja nzima ya utalii katika maneno manne. Mgeni hukaribishwa ili mwenyeji apate nafuu. Hakaribishwi ili mwenyeji ahamie uani. Mgeni akicheza Fort Ikoma huku mwenyeji akichungulia kwenye seng'enge, basi methali imegeuzwa juu chini, na walioigeuza si wageni.

Kwa hiyo siku mtumishi atakaporejea tena kutoka semina, akakaa na wenzake na kuanza kulinganisha viwanja, asiulizwe nyasi zilikuwaje. Aulizwe kama alimwona humo mtoto wa mahali pale akiwa na fimbo mkononi, tena fimbo iliyo yake. Akijibu kwamba alimwona, uwanja huo ni mwema, hata kama ni wa mashimo 9 na mchanga mtupu. Akijibu kwamba hakumwona, basi alichokiona ni malisho mazuri yaliyokosa ng'ombe, na wafugaji wa Mara wanajua malisho ya namna hiyo yana thamani gani.